Mzani wa nyumbani unakupa namba tofauti kila ukipanda: mwongozo kamili wa kujua kosa liko wapi

Asubuhi umepima kilo 78.2. Jioni umerudi kazini ukapanda tena, 80.1. Kesho yake ukapita famasi ya mtaani wakakupima bure ukaambiwa 81, halafu yule jamaa wa pale stendi mwenye mashine inayoongea kwa spika akakutolea kikaratasi cha 79.5. Sasa uzito wako ni upi hapo? Wengi wakifika hapa wanafanya moja kati ya mawili, ama mzani unasukumwa chini ya kitanda usionekane tena, ama wanachagua ile namba ndogo kuliko zote na kuishi nayo kwa amani.

Ukweli ni kwamba namba zote nne zinaweza zisiwe na uongo wowote. Tatizo ni kwamba kila namba imechanganya mambo matatu kwa mpigo: mzani wenyewe, mahali ulipouweka pamoja na unavyosimama, na mwili wako ambao haukai na uzito mmoja hata masaa sita. Ukiyachanganya huwezi kujua chochote. Ukiyatenganisha, tena kwa mpangilio, sakafu kwanza, mzani wa pili, mwili mwisho, jambo zima linakuwa jepesi sana na huhitaji kununua mzani wa bei mbaya.

Na niseme mapema msimamo wangu ili tusisumbuane huko mbele: kwa mtu anayefuatilia uzito, mzani unaorudia namba ileile ni bora kuliko mzani ulio sahihi. Mzani unaozidisha kilo moja na nusu kila siku ya Mungu bila kubadilika nauchukua sasa hivi, kwa sababu nikipungua kilo tatu nao utaonyesha tatu. Ule ambao leo unazidisha na kesho unapunguza, hata uwe wa kioo cheusi na bluutufu, ni pambo tu.

Kwanza ujue ndani kuna nini

Mizani ya digitali ya nyumbani, hii bapa ya kioo, karibu yote imejengwa kwa namna moja. Ugeuze chini juu utaona vijiguu vinne. Kila kiguu kimeshikiliwa na kipande kidogo cha chuma, na juu ya chuma hicho kumebandikwa kifilamu chembamba chenye waya uliojikunja kunja. Ukipanda, chuma kinapinda kiasi ambacho jicho halioni, waya unavutika, umeme unapita kwa ugumu tofauti kidogo, na chipu iliyo katikati inajumlisha habari za miguu yote minne kisha inazigeuza kuwa kilo kwa hesabu iliyowekwa kiwandani. Basi, hakuna uchawi mwingine. Kumbuka hili neno moja tu: uzito wako wote lazima upite kwenye vile vijiguu vinne. Ukipita pengine popote, mfano tumbo la mzani likigusa kapeti, sehemu hiyo ya uzito haihesabiwi.

Ile ya zamani ya mshale ina springi na vyuma vya kupokezana. Springi inachoka, hasa kama watu wa nyumbani wamezoea kuweka ndoo ya maji au beseni la nguo juu yake mwezi mzima. Ukikuta mshale haukai sifuri kuna kigurudumu kidogo pembeni cha kuurudisha, uzungushe kabla ya kila kupima, wala sio aibu, ulitengenezwa hivyo.

Halafu kitu kinachowadanganya wengi ni ile desimali. Mzani kuonyesha 78.2 haimaanishi unajua uzito wako mpaka gramu mia, inamaanisha tu kwamba kioo chake kina nafasi ya kuandika desimali moja. Unaweza kuwa umekosea kilo nzima na bado ukakuandikia desimali kwa kujiamini kabisa.

Hatua ya 1: Utoe bafuni

Najua huko kwa wenzetu unaitwa mzani wa bafuni na ndiko unakokaa, lakini bafu zao nyingi zina sakafu bapa na kavu. Bafu zetu fundi ameinamisha sakafu kwa makusudi ili maji yaende kwenye tundu, na akimaliza ameweka marumaru ndogo ndogo zenye mifereji ya saruji katikati. Mwinamo wenyewe haukupunguzii kitu cha maana, ni gramu tu. Shida ni kwamba mguu mmoja wa mzani unaangukia kwenye mfereji, mwingine uko juu ya ukingo wa marumaru, mzani unacheza cheza kama meza ya mgahawa, na uzito unagawanyika vibaya au tumbo la mzani linaegemea chini. Ongeza unyevu unaoingia kwenye mzunguko wa umeme na kutu ya kwenye betri, utaelewa kwa nini mizani mingi inakufa mapema.

Tafuta sehemu ya saruji laini au marumaru kubwa, chumbani au koridoni. Uweke mzani chini halafu bonyeza kona moja moja kwa kidole. Ukisikia tik tik ujue unacheza, usogeze sentimita chache mpaka utulie. Ukishapata sehemu, weka alama ndogo ya kalamu au kipande cha selotepu pale pembeni, na kuanzia leo hapo ndipo nyumbani kwake.

Kapeti hapana, mkeka hapana, ile plastiki ya maua inayotandikwa sebuleni nayo hapana kama ni laini. Ukitaka kuamini, pima kwenye saruji kisha pima juu ya kapeti nene, utaona namba inahama, wakati mwingine kwa kilo kadhaa. Na haihami upande mmoja. Ile ya digitali mara nyingi inasoma pungufu kwa sababu kapeti limeshika tumbo lake, wakati ile ya mshale inaweza kusoma zaidi kwa sababu bati lake la chini halipindi kama linavyopinda kwenye sakafu ngumu ambako ndiko ilikopimiwa kiwandani.

Hatua ya 2: Iamshe na ipe sifuri

Hii watu wengi hawaijui na ndiyo inaleta kelele nyingi. Mizani ya siku hizi inajiwasha yenyewe ukipanda, na inatumia ile sifuri iliyoikumbuka mara ya mwisho. Sasa kama uliuinua ukausimamisha ukutani, au dada wa kazi aliusogeza wakati anadeki, vile vyuma vimetikisika na sifuri ya zamani sio sifuri tena. Ukipanda moja kwa moja namba ya kwanza inakuja na kosa.

Dawa yake: baada ya kuusogeza, ukanyage kidogo kwa mguu mmoja mpaka kioo kiwake, toa mguu, subiri kiandike 0.0 kisha kizime chenyewe. Baada ya hapo ndio upande. Ukifuata hili peke yake, zile hadithi za "nimepima mara mbili nikapata tofauti ya kilo mbili" zitapungua sana.

Betri nayo uiangalie. Mizani mingi inatumia ile ya mviringo kama sarafu, CR2032, au zile ndogo za rimoti. Ikiisha kioo kinaandika Lo, ila kabla ya kufika huko kuna kipindi taa inafifia na namba zinaanza kuyumba. Betri yenyewe haina bei, badilisha. Na kabla hujapata presha kwa kuona 172, geuza mzani uangalie kile kitufe cha chini, mtoto akikichezea unahamia kwenye paundi, na kilo moja ni paundi 2.2, kwa hiyo 172 hiyo ni kama kilo 78 tu. Kuna na kipimo cha tatu cha Waingereza, stone, ambacho kimoja ni kilo 6.35, ukiona namba kama 12 na kitu hapo ndio ujue umefika huko.

Hatua ya 3: Kamata mzani unaokariri

Hapa ndipo penye utamu. Umeshawahi kupima mara tano mfululizo ukapata 78.2, 78.2, 78.2, 78.2, 78.2 ukasema kweli huu mzani ni wa uhakika? Pole pole. Mizani mingi ya digitali imewekewa ujanja: inakumbuka namba iliyopita, na kama namba mpya iko karibu nayo sana, inakurudishia ileile ya zamani. Mtengenezaji anajua mteja akiona 78.2 halafu 78.5 halafu 77.9 atarudisha mzani dukani, kwa hiyo anamficha yale mayumbo.

Ubaya wake unaonekana kwa anayefuatilia uzito. Umepungua gramu mia tatu za kweli kabisa lakini mzani unakwambia hujatikisika, siku nne, siku tano, halafu ghafla siku ya sita unaangusha gramu mia saba kwa mara moja na unadhani ni ile chai ya tangawizi ya jana.

Namna ya kuukamata ni hivi. Pima kawaida, andika namba. Shuka, subiri uzime. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ishike mkononi, panda tena. Maji nusu lita ni nusu kilo, ukiongeza na plastiki yenyewe kidogo. Mzani mzuri lazima uonyeshe ongezeko la kama 0.5. Ukikuonyesha ileile namba ya mwanzo, umeshaukamata, unakariri. Jaribu na chupa ndogo zaidi ujue unaficha mpaka wapi.

Kama unakariri usiutupe bado, unaweza kuusahaulisha. Kila asubuhi kabla ya kupima, panda kwanza ukiwa umebeba kitu kizito, kilo tano hivi na kuendelea, dumu la maji au begi la vitabu, uache uandike namba. Shuka, uzime, kisha panda mtupu. Kwa kuwa namba iliyopita iko mbali, hauna cha kurudia, unalazimika kupima upya. Ukifanya hivi mara tatu utaona yale mayumbo halisi ya mzani wako. Yakiwa ndani ya gramu mia mbili tatu, una kifaa kizuri. Yakifika kilo nzima na sakafu ni nzuri na betri ni mpya, huo hauna msaada.

Hatua ya 4: Upe mtihani wa uzito unaojulikana

Sasa tujue unakosea kiasi gani. Usijaribu na kilo moja ya sukari, mizani mingi ya watu wazima haiamki kabisa chini ya kilo kadhaa, na hata ikiamka, kosa la kwenye kilo moja halikuambii lolote kuhusu kilo themanini.

Kitu rahisi kupatikana ni mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50, kama kuna ujenzi jirani. Usiwe umenyeshewa. Au kiroba cha mchele cha kilo 25, ila hapo usiamini maandishi ya kwenye kiroba, mwombe muuza duka akipime kwenye mzani wake wa biashara. Mizani ya dukani kisheria inatakiwa kukaguliwa, kwa Tanzania ni Wakala wa Vipimo wanaopita kuikagua na kuibandika stika, kwa hiyo angalia stika kwanza ndio upime, maana huo wa nyumbani kwako hakuna mtu yeyote aliyewahi kuukagua tangu utoke kwenye boksi. Kama vyote hivyo ni usumbufu, katoni la maji ya kunywa lenye chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18 za maji, jumlisha gramu mia kadhaa za plastiki.

Mtihani wenyewe usifanye kwa kuweka kiroba juu ya mzani kisha ukaishia hapo. Fanya kwa tofauti. Panda peke yako, tuseme 79.0. Shuka. Panda na kile kiroba cha kilo 25, ukishike karibu na kifua usiyumbe. Unatakiwa kupata 104.0. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaupima mzani ukiwa kwenye uzito wako, pale pale unapoutumia, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba ujanja wa kukariri haufanyi kazi. Ukipata 103.7 mpaka 104.3 shukuru. Ukipata 102 maana yake mzani unabana, kila kilo 25 za kweli unazisoma 23, na hata ukipungua kwa kweli utaona pungufu kidogo ya ulichopungua. Hakikisha tu jumla haipiti ule uwezo wa mwisho ulioandikwa nyuma ya mzani, mingi ni 150 au 180.

Njia hii ndiyo akina mama wengi wanapimia mtoto nyumbani, mama anapanda na mtoto, anapanda bila mtoto, anatoa. Kwa mtoto wa miaka mitatu sawa. Kwa mtoto mchanga wa kilo nne mzani kuyumba gramu mia tatu kunaweza kukufanya uamini mtoto amekonda wakati hajakonda, au kubaya zaidi amekonda na wewe huoni, hapo nenda na kadi yako kliniki apimwe kwenye mzani wao wa watoto.

Hatua ya 5: Simama kama unapigwa picha ya pasipoti

Miguu mitupu, kila mguu upande wake katikati kati ya vijiguu vya mzani, uzito sawa mguu wa kulia na wa kushoto, macho mbele. Usiiname kuchungulia kabla namba haijatulia, kuinama kunahamisha uzito wako kwenda vidoleni na mizani dhaifu hapo hapo inabadilisha mawazo. Usishike ukuta wala sinki. Kama hauoni namba bila kuinama, subiri igande kwanza, mingi inapepesa mara mbili tatu ikishafika. Wanaojipima kwa kupandia kona ya mzani ili wapate namba ndogo, wanajijua.

Nguo sitasema sana, pima bila nguo au na nguo ileile nyepesi kila siku. Jinzi nzito na mkanda ni nusu kilo mpaka kilo nzima, viatu vya kufunga ni hivyo hivyo, weka na simu mbili na funguo na pochi, ndio ile tofauti yako na famasi imeshapatikana nusu yake.

Hatua ya 6: Uelewe mwili, maana huu ndio mkorofi

Mzani umeshinda mitihani, sakafu iko sawa, na bado juzi 78.2, jana 79.6, leo 78.5. Sasa hapo mzani uache, ni wewe.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukinywa lita moja sasa hivi ukapanda sasa hivi, umeongezeka kilo moja, na ukiitoa chooni imeondoka. Usiku umelala unapumua mvuke na kutoka jasho, ukaamka ukakojoa, unaweza kuwa umepungua nusu kilo mpaka kilo bila kufanya lolote. Ndio maana asubuhi na jioni havilingani na wala havitakiwi kulingana. Chakula nacho kina uzito wake mpaka kitoke, mtu aliyefunga choo siku tatu anabeba mzigo ambao sio mafuta.

Chumvi ndiyo inayowatisha watu zaidi. Mwili unataka maji yake yawe na kiwango kilekile cha chumvi, kama gramu 9 kwa kila lita, ndio kiasi kilichomo kwenye dripu ya kawaida ya hospitali. Ukila pilau la shughuli na kachumbari na achari na mishkaki, ukapitiliza gramu 9 za chumvi zaidi ya kawaida yako, mwili unaweza kushikilia karibu lita nzima ya maji ili kulinganisha, mpaka figo zimalize kazi yake kwa siku moja mbili. Hiyo ni kilo nzima juu na hujanenepa hata kidogo.

Wanga hivyo hivyo. Mwili unahifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kiasi cha gramu mia nne mia tano kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na kama gramu tatu za maji. Fanya hesabu, ni karibu kilo mbili. Mtu akiacha ugali na wali ghafla, ile wiki ya kwanza anashusha kilo mbili na anatangaza kila mahali kwamba dayati inafanya kazi, kumbe amemwaga maji. Siku akila chapati mbili na wali zinarudi, anasema "mimi mwili wangu unapokea wanga vibaya". Haupokei vibaya, umerudisha akiba yake.

Kwa wanawake, siku chache kabla ya hedhi mwili unashika maji, kwa wengine nusu kilo, kwa wengine kilo mbili, halafu yanaondoka yenyewe. Kwa hiyo dada usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita, linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Na aliyeanza gym juzi, misuli ikiuma inavimba na kushika maji siku kadhaa, ndio maana wengi wiki ya kwanza ya mazoezi mzani unapanda wanakata tamaa wanarudi nyumbani. Upande wa pili kuna wale wanaokimbia saa kumi na moja alfajiri wamejifunga nailoni tumboni na jaketi juu, wakirudi wamepungua kilo na nusu, sawa, ila ni jasho lote, glasi nne tano za maji ndio hizo zimerudi.

Sasa hesabu ya kutuliza moyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nguvu ya kama kalori 7,700. Ili mzani uliopanda kilo mbili kutoka jana mpaka leo uwe umepanda kwa mafuta, ilibidi ule kalori 15,400 zaidi ya zile mwili wako unazotumia. Tuseme chapati moja ya kukaanga vizuri ni kalori 300, hizo ni chapati 51, juu ya milo yako ya kawaida, kwa siku moja. Kama hukuzila, hujanenepa kilo mbili, tulia.

Hatua ya 7: Ratiba na hesabu

Pima asubuhi, umeshaenda chooni, hujanywa wala kula kitu, mzani palepale kwenye alama. Kila siku kama moyo wako unahimili, kama namba inakuharibia siku basi mara tatu kwa wiki. Andika, kwenye daftari, kwenye simu, popote.

Ramadhani ratiba inahama. Chagua muda mmoja, ama kabla ya kula daku ama dakika chache kabla ya kufuturu, ubaki nao mwezi mzima. Ukichanganya leo kabla ya futari, kesho baada ya tarawehe, unalinganisha mtu mwenye kiu na mtu aliyejaa uji na tambi na maji lita mbili. Na namba za Ramadhani usizilinganishe na za Shaabani moja kwa moja, anza ukurasa mpya.

Halafu namba ya siku usiihukumu. Chukua za wiki nzima, jumlisha, gawa kwa saba, au kwa tatu kama unapima mara tatu. Mfano wiki ya kwanza: 82.4, 81.9, 83.1, 82.0, 81.8, 82.6, 82.3. Wastani ni 82.3. Wiki ya pili: 81.7, 82.9, 81.6, 82.2, 81.5, 81.4, 82.1. Wastani 81.9. Huyu mtu amepungua gramu mia nne, mwendo mzuri tu. Lakini angalia ile siku ya pili ya wiki ya pili, 82.9, ni kubwa kuliko siku sita kati ya saba za wiki iliyotangulia. Anayeangalia siku moja moja ile Jumanne ameshaacha mpango wake. Kabla hujabadilisha chakula au mazoezi kwa sababu ya mzani, subiri wastani wa wiki tatu au nne.

Na hizo namba za nje?

Famasi, kliniki, stendi, kwa shemeji, kila mzani una sifuri yake na kosa lake na wewe unaenda ukiwa umevaa na umekula. Usiziingize kwenye daftari lako. Kama daktari anakufuatilia, linganisha za kwake na za kwake, za kwako na za kwako. Ukitaka kujua mzani wako na wa kliniki vinatofautiana kiasi gani, siku ya kliniki jipime nyumbani na nguo zilezile muda mfupi kabla ya kutoka, ile tofauti iandike, itakusaidia huko mbele.

Kuna moja ya kuchekesha kwa mliotumiwa mzani na ndugu kutoka Ulaya. Mzani wa springi au wa digitali haupimi kilo moja kwa moja, unapima dunia inavyokuvuta, na dunia haivuti sawa kila mahali, kwenye ikweta inavuta kidogo pungufu kuliko huko kaskazini. London ni kama 9.81, Dar es Salaam ni kama 9.78. Tofauti ni asilimia 0.3 hivi, kwa mtu wa kilo 80 ni kama robo kilo, kwa hiyo mzani uliorekebishwa huko ukiupandia Dar unakupunguzia robo kilo ya bure. Ule wa hospitali wa kusogeza vyuma kwenye mkono hauna shida hiyo, kwa kuwa unalinganisha wewe na vyuma, na vyote vinavutwa sawa. Nairobi na Dar tofauti yake ni makumi ya gramu tu, kwa hiyo aliyesafiri na basi akarudi na kilo tatu asiisingizie ikweta.

Kuhusu mizani smart inayokwambia asilimia ya mafuta, umri wa mwili na mambo mengine kumi: inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na kukisia kutokana na unavyopita, na umeme unapita kutegemea maji uliyonayo. Umetoka jasho, umekunywa, miguu imelowa, asilimia zinahama. Tumia kilo zake, hizo asilimia ziangalie mwelekeo wa miezi. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asipandie kabisa ikiwa imewashwa sehemu hiyo.

Mwisho kuna mayumbo ambayo hayasubiri wastani wa wiki nne. Mwenye tatizo la moyo akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hasa miguu ikivimba au pumzi ikikata akilala chali, hayo ni maji yanajaa, aende hospitali. Mjamzito akipanda ghafla na kuvimba uso au mikono, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, vilevile asisubiri kliniki ijayo. Na mtu ambaye hajabadilisha chochote lakini ndani ya miezi sita mpaka kumi na mbili amepoteza asilimia 5 ya uzito wake, yaani kilo 4 kwa mtu wa kilo 80, akapime, kikohozi, sukari, kila kitu. Abebe lile daftari, daktari atalipenda kuliko maneno "naona nguo zinapwaya".